Pete ya mikromita 12

SWALI: Salamu nyingi, Profesa. Niko mwaka wa 4, uhandisi wa umeme, hapa Nairobi. Muhula uliopita alitutembelea profesa kutoka ng'ambo, akatupa mhadhara kuhusu kupitisha nuru ndani ya silikoni na kuhusu maada za ukubwa wa nanomita. Alisema ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 25. Nilitoka ukumbini nimechangamka, ila maswali yalikuwa mengi kuliko majibu. Mtu hufanya nini hasa kwa miaka 25 juu ya kitu kisichoonekana kwa macho? Na mimi wa Nairobi, mahali pasipo na kiwanda cha chipu za namna hiyo, nikiifuata njia hii nitafika wapi? Hilo la pili mama hunisaili karibu kila jioni, na sina la kumjibu. Binti wa Umoja.

JIBU: Binti yangu, nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu la mama halijibiki mpaka hilo lieleweke.

Siku faiba, ule uzi wa kioo uletao intaneti, ikikatika mtaani kwenu, shuka ngazi ukamtazame fundi akiiunga. Hukaa juu ya kreti au ndoo iliyopinduliwa kando ya nguzo. Huuvua uzi ganda lake la plastiki kwa koleo ndogo, akaupangusa kwa spiriti, akaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, kisha akaulaza ndani ya mashine. Kwenye skrini utaona ncha mbili zikisogeleana kama fimbo nene za kioo, kumbe kila moja ina unene wa mikromita 125 tu, unaozidi unywele wako kidogo. Cheche inaruka, ncha zinayeyuka na kuwa kitu kimoja, na mashine inaandika namba, kwa mfano 0.02. Hicho ni kipimo cha nuru iliyopotea kwenye kiungo, kwa desibeli. Ni chini ya nusu ya asilimia moja.

Nuru yenyewe haijazi uzi mzima. Inapita katika kiini cha katikati chenye upana wa mikromita 9 hivi. Urefu wa wimbi lake mara nyingi ni nanomita 1,550, ambao jicho la binadamu haliuoni, na ndiyo iliyotufungulia intaneti nafuu tangu kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Nilikuwa nikifundisha wakati huo, na kupakua makala moja ya kitaalamu yenye kurasa 4 ilikuwa kazi ya kuacha kompyuta ikihangaika huku ukienda kunywa chai.

Sasa fikiria safari ya nuru hiyo. Inatoka Mombasa hadi Nairobi ikiwa nuru. Ikifika kwenye jengo la kampuni lazima igeuzwe kuwa umeme, maana kompyuta husoma elektroni. Ikisha kusomwa inageuzwa tena kuwa nuru ili iendelee mbele. Huo mpaka kati ya nuru na umeme ndio unaokula nishati na pesa. Ndani ya vituo vikubwa vya data, ambako maelfu ya mashine huzungumza usiku na mchana, waya za shaba zinalemewa: kadiri unavyotuma biti kwa kasi zaidi, ndivyo ishara inavyofifia njiani na ndivyo joto linavyoongezeka. Taaluma aliyokuja kuwaeleza yule mgeni inauliza swali moja: je, tunaweza kuileta nuru hadi mlangoni pa chipu, na hata kuiingiza ndani, kwa kutumia silikoni ileile ambayo viwanda vimeizoea kwa miongo mingi?

Kipande cha silikoni ukikishika mkononi kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, wala huoni upande wa pili. Lakini kwa nuru ya nanomita 1,550 silikoni iko wazi kama maji safi. Pia huipunguza nuru mwendo kwa takriban mara 3.5, ilhali kioo cha faiba huipunguza kwa kama mara 1.44 tu. Tofauti hiyo kubwa ndiyo hazina yenyewe. Ukitengeneza waya wa silikoni wenye upana wa nanomita 450 na kimo cha 220, ukauzungushia kioo, nuru inabanwa humo kiasi kwamba unaweza kuikunja kona ndani ya mikromita chache bila kumwagika. Faiba hukunji hivyo. Ukiizungusha kwenye kidole, nuru inavuja.

Hayo ndiyo mazingira. Maisha ya utafiti hukaa ndani ya matatizo ambayo mazingira hayo huyazaa, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo swali lako lilipo.

Mwaka 1987, Richard Soref na Brian Bennett, waliokuwa kwenye maabara ya jeshi la anga la Marekani, walichapisha hesabu zilizoonyesha jinsi mwendo wa nuru ndani ya silikoni unavyobadilika ukiongeza au ukipunguza elektroni. Badiliko lenyewe ni dogo sana, na mtu mwenye haraka angesema halina faida. Weka hilo akilini.

Mwaka 2001 Michal Lipson aliajiriwa kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell. Alizaliwa Haifa, akaishi Brazil utotoni, akapata uzamifu wa fizikia huko chuo cha Technion, Israel, mwaka 1998. Kazi zake zinafundishika vizuri kwa sababu kila moja inaanzia kwenye kero inayogusika. Ya kwanza: kiini cha faiba kina mikromita 9, waya wa silikoni una nusu mikromita. Utaimiminaje nuru kutoka bomba pana namna ile hadi mrija mwembamba namna hii? Ukivisogeza tu vikagusana, karibu nuru yote inapotea. Akili ya kawaida ingesema tanua mdomo wa waya kama faneli. Mwaka 2003 kundi lake lilifanya kinyume: waliichonga ncha ya waya ikazidi kuwa nyembamba, hadi kama nanomita 100. Kwa wembamba huo waya hauwezi tena kuibana nuru, kwa hiyo nuru inafurika nje ya silikoni, inatanuka ndani ya kioo kilichouzunguka, na sasa umbo lake linakaribia la ile iliyomo ndani ya faiba. Nilipoisoma makala ile mara ya kwanza niliisoma nimesimama, nikasahau kukaa.

Jina la kwanza kwenye makala hiyo ni la Vilson Almeida, mwanafunzi Mbrazili. Nakutajia hilo makusudi.

Kero ya pili ilikuwa swichi. Ili kutuma 0 na 1 kwa nuru unahitaji kitu cha kuizuia na kuiachia mabilioni ya mara kwa sekunde, na umeshaona kwamba elektroni huibadilisha nuru kidogo mno. Mwaka 2004 watafiti wa Intel walionyesha swichi ya silikoni iliyovuka kasi ya gigahezi 1, lakini urefu wake ulikuwa wa milimita kadhaa, sawa na jengo zima kwenye ulimwengu wa chipu. Mwaka 2005, Qianfan Xu pamoja na wenzake katika kundi la Lipson walitumia pete. Pete ya silikoni yenye kipenyo cha mikromita 12, imekaa kando ya waya ulionyooka, pengo kati yao ni sehemu ndogo ya mikromita. Nuru inayopita kwenye waya inaruka pengo na kuanza kuzunguka. Kama mawimbi yake yanaingia kamili katika mzunguko, bila baki, kila mzunguko mpya unaukuta uliotangulia ukiwa katika mpigo uleule, kama wacheza isukuti wanaorudi mahali walipoanzia mguu wa kulia ukiwa hewani kama ulivyokuwa. Nuru inajijenga ndani ya pete, na kwenye waya inazimika. Wimbi lenye baki hupita tu.

Sasa ingiza elektroni ndani ya pete. Mwendo wa nuru unabadilika kwa kiasi kile kidogo cha Soref, lakini kwa sababu nuru imezunguka mara nyingi, ule udogo umejirudia na kujumlika. Mawimbi hayaingii kamili tena, na nuru iliyokuwa imezimika inapita. Ondoa elektroni, inazimika. Kile ambacho kilihitaji milimita sasa kinakaa mahali pa mikromita 12.

Mwezi Machi 2025 kampuni ya NVIDIA ilitangaza swichi za mtandao za vituo vya data zinazotumia pete ndogo za silikoni za aina hii. Hesabu mwenyewe: kutoka makala ya 1987 hadi pete ya 2005 ni miaka 18, na kutoka pete hadi bidhaa ni mingine 20. Miaka 25 ya yule mgeni wenu si mingi.

Katikati ya miaka hiyo kuna nini? Nikueleze kwa lililonipata mimi, kwa sababu hadithi za makala hufuta jasho.

Nilikuwa mwaka wa 2 wa uzamifu, ng'ambo, nikipima pete zangu mwenyewe. Unaweka chipu juu ya meza isiyotikisika, unasogeza faiba kwa skurubu za mikromita huku ukitazama hadubini, unapitisha leza huku ukibadilisha urefu wa wimbi polepole, na kwenye skrini unatafuta shimo: mahali nuru inapozama kwa sababu pete imeimeza. Shimo langu lilikuwa zuri, jembamba, na upana wake ulikuwa chini ya nanomita 0.05. Ila lilitembea. Nikilipima saa nne liko hapa, dakika tano baadaye liko pale. Nikadhani silikoni ina uchafu. Nikatengeneza chipu nyingine. Nikadhani leza ni mbovu, nikaazima ya jirani. Miezi mitatu ikaisha hivyo, na msimamizi wangu akaanza kuniuliza kwa upole unaotisha.

Usiku mmoja niliamua kuacha kutengeneza na kutazama tu. Nikachukua daftari, nikawa naandika mahali pa shimo kila nusu dakika. Baada ya saa mbili niliona kwamba linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na kila safari ilichukua kama dakika 11. Nikiwa nimeinamia lile daftari nikasikia kiyoyozi cha ukutani kikiwaka. Nikatazama saa. Kikazima. Nikatazama saa tena. Nadhani nilikaa pale nusu saa nyingine kwa ajili ya furaha tu.

Silikoni, ukiipasha moto kidogo, huichelewesha nuru zaidi. Kwa pete kama yangu, kila nyuzijoto 1 ya Selsiasi hulisogeza shimo kwa nanomita 0.07 hivi. Yaani nyuzijoto moja peke yake inalitoa shimo zima mahali pake. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu, nami nililisoma na kulijibu kwenye mtihani, lakini sikuwa nimelijua. Tulibandika kipima joto na kibaridishi kidogo cha umeme chini ya chipu, na shimo likatulia. Joto hilohilo, kwa taarifa yako, bado linawasumbua wahandisi wa bidhaa za leo: kila pete inahitaji kihita chake na saketi ya kuifuatilia, na nishati inayotumika hapo inapunguza ile tuliyotaka kuokoa.

Kwa hiyo ukiniuliza mtu hufanya nini miaka 25, jibu langu ni kwamba anapambana na mambo matatu au manne ya silikoni ambayo hayataki kuondoka. Joto ni moja. Kuta ni jingine. Waya wa silikoni hauchongwi ukawa laini kabisa, ukutani hubaki mikwaruzo ya nanomita moja au mbili, na kila mkwaruzo hutawanya nuru. Nuru ndani ya faiba hupungua nusu baada ya kilomita kama 15. Ndani ya waya wa kawaida wa silikoni hupungua nusu baada ya sentimita moja na nusu. Tofauti hiyo ni ya mara milioni, na imesababishwa na ukali wa ukuta ambao hadubini ya shule haiwezi kuuonyesha. Kuna watu wametumia umri wao wote kwenye ukuta huo, na ninawaheshimu kuliko wengi wenye majina makubwa.

La tatu ni gumu zaidi: silikoni haitoi nuru. Elektroni ndani yake ikishuka kutoka ngazi ya juu ya nishati, haiwezi kushuka wima; lazima ipate msukumo wa pembeni kutoka mtikisiko wa atomi, na katika kuungoja msukumo huo nishati nyingi huishia kuwa joto. Ndiyo maana leza hutengenezwa kwa maada nyingine, kama fosfidi ya indiamu. Mwaka 2006 kundi la John Bowers la Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na Intel, lilionyesha leza ya fosfidi ya indiamu iliyogandishwa juu ya silikoni na kuendeshwa kwa umeme. Jibu lilikuwa kuileta maada iwezayo na kuilaza juu ya isiyoweza.

Hapo ndipo nusu ya pili ya mhadhara wa mgeni wenu, ile ya maada za nanomita, inapoungana na ya kwanza. Wengi hudhani ni taaluma mbili. Kwa profesa wa silikoni ni mwendelezo: silikoni imegoma, basi natafuta ngozi ya kuivalisha. Grafini, unene wa atomi moja tu, iliyobanduliwa kwa mkanda wa gundi huko Manchester mwaka 2004 na kuleta Tuzo ya Nobel 2010, humeza asilimia 2.3 ya nuru ipitayo, kiasi kikubwa kwa kitu chembamba hivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Berkeley waliilaza juu ya waya wa silikoni wakapata swichi ya nuru. Niobati ya lithiamu, iliyokuwa ikitumika kwa vipande vikubwa, sasa huchongwa kwa filamu nyembamba na kufanya swichi za kasi mno.

Ninayoipenda zaidi ni salfidi ya molibdenamu. Mafundi wa magari pale Kirinyaga Road wanaijua bila kuijua, maana ndiyo inayotia weusi kwenye grisi ya viungo vya magurudumu ya mbele. Ni tabaka juu ya tabaka, zinateleza moja juu ya nyingine, ndiyo sababu inalainisha. Tonge lake halitoi nuru ya maana, kwa shida ileile ya silikoni. Ila mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba ukibakiza tabaka moja tu, lisilofika hata nanomita moja kwa unene, elektroni zake sasa zinaweza kushuka wima, na inang'aa. Hakuna kilichoongezwa wala kubadilishwa ila unene. Vivyo hivyo nukta za kwanta, zilizoleta Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa Bawendi, Brus na Ekimov: maada ileile, chembe ndogo hutoa rangi ya samawati na kubwa kidogo hutoa nyekundu. Ukifika ukubwa huo, kipimo chenyewe kinakuwa kiungo cha mapishi.

Upande wa kila siku nitaupitia haraka. Wiki unayapiga mahesabu kwenye kompyuta, wiki unachora, kisha mchoro unatumwa kiwandani na unangoja miezi. Chipu inarudi, nusu haifanyi kazi, unatafuta kwa nini. Profesa mwenyewe, akishakomaa, haigusi tena leza. Anaandika maombi ya ufadhili, anasoma rasimu za tasnifu, anakaa na mwanafunzi aliyekata tamaa mwaka wa 3. Nami naamini, baada ya miaka mingi ya kuwatazama wakubwa wa fani hii, kwamba kazi yao iliyo bora ni watu. Makala ya pete ile, jina la kwanza ni la mwanafunzi.

Tuje Nairobi.

Ni kweli hatuna kiwanda cha chipu za nuru. Lakini usiseme hatuna kitu. Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wamefanya utafiti wa filamu nyembamba na seli za jua kwa miaka mingi, na mtu aliyejifunza pale kupaka filamu ya oksidi ya titani na kuipima amejifunza nusu ya ufundi wa maada za nano. Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na semikondakta. Nenda ukaombe nafasi ya mafunzo ya nje, hata kama si ya nuru, ujue chumba safi, kile kisichoruhusu vumbi, kinavyonukia na nidhamu yake.

Kisha kuna lile unaloweza kulianza wiki hii bila ruhusa ya mtu. Programu ya Meep ilitoka MIT, ni ya bure, na hupiga hesabu za nuru ndani ya maada jinsi mwanafizikia Maxwell alivyoziandika. KLayout, ya kuchorea chipu, ni ya bure pia. Chora pete yenye kipenyo cha mikromita 12, waya wa nanomita 450, pengo la 200. Anza na hesabu ya bapa, ya pande mbili, inayomalizika kwa dakika chache kwenye laptopu ya kawaida. Ya pande tatu huchukua usiku kucha, nawe uihifadhi kila saa maana stima ya Umoja unaijua. Tafuta mawimbi gani yanaingia kamili. Halafu ongeza kile kipimo cha silikoni cha kupunguza mwendo wa nuru, 3.48, kwa 0.00018, ambayo ndiyo athari ya nyuzijoto moja, na uone shimo limesogea kiasi gani. Ukipata karibu na 0.07 utakuwa umekipata, kwa mikono yako, kile kilichonila miezi mitatu.

Chuo Kikuu cha British Columbia huko Canada kimekuwa na kozi ya mtandaoni ambamo mwanafunzi huchora kifaa chake cha silikoni, kinatengenezwa pamoja na vya wenzake, kinapimwa, naye anarudishiwa data achanganue. Na ujue kwamba hata vyuo tajiri vingi havijengi viwanda: hununua nafasi ndogo kwenye kipande cha silikoni kinachogawanywa kati ya watafiti wengi, kwa mfano kwa kituo cha utafiti cha imec, Ubelgiji, au kundi la CORNERSTONE la Southampton. Mchoro husafiri kama faili, na faili hutoka Nairobi kwa kasi ileile inayotoka Boston.

Utaniuliza uchore nini. Hapa nina maoni makali. Usiende kushindana na watu wa vituo vya data; wana pesa ambazo hatuna. Kumbuka pete inavyosogea kwa kitu kidogo. Huo ni usumbufu kwa mtu wa mawasiliano, lakini kwa mtu wa vipimo ni jicho. Ipake pete kingamwili zinazoshika sumu fulani. Sumu ikinasa, nuru inachelewa, shimo linasogea. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, yaliwatia ugonjwa watu 317 Ukambani na maeneo jirani, na 125 walifariki. Kiwango chetu halali ni sehemu 10 kwa bilioni, na kukipima vizuri bado huhitaji sampuli ipelekwe maabara huku gunia likishauzwa. Kazi ni ngumu: molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno kuisogeza pete peke yake, hivyo lazima uibuni njia ya kuifanya iachie au izuie kitu kikubwa zaidi, na joto la ghala la Makueni halina kiyoyozi cha dakika 11. Lakini ni swali ambalo wewe utalielewa kuliko mwanafunzi wa Zurich, na profesa yeyote makini ataliona hilo.

Ukimwandikia profesa, usimwambie una ndoto na bidii. Mwambie umechora pete, hii hapa picha, umepata 0.07 au hukupata, na hapa ndipo ulipokwama. Barua za namna hiyo nazijibu usiku uleule, na wenzangu wengi hivyohivyo.

Sasa la mama. Mwambie kwanza kwamba uzamifu wa uhandisi wa namna hii haulipiwi na mzazi. Marekani, mara nyingi mradi wa profesa hulipa karo na posho, na vyuo vingi huko humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Ulaya kwa kawaida wanataka uzamili, lakini baada ya hapo nchi kadhaa hukuajiri kwa mshahara. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu, ina stashahada ya mwaka mmoja yenye ufadhili, na imewainua wengi waliokosa daraja la kuvukia. Chuo kikikuomba ulipe mwenyewe miaka yote ya uzamifu, kataa, hata jina lake liwe kubwa namna gani.

Mwambie kazi zipo Taiwan, Singapore, Ubelgiji, Marekani, na zinaongezeka. Nyumbani leo ni chache: vyuo, Nyeri, kampuni za faiba, na kile utakachokianzisha. Mwambie posho itakutosha kula na kulala, na ya kutuma nyumbani itakuwa ndogo, huku deni la mkopo wa masomo wa HELB likikusubiri. Na mwambie mapema, kwa maana nahisi ndilo analouliza kila jioni, kwamba itakuwa miaka mitano au sita, na kwamba nauli ya kuja Krismasi haitapatikana kila mwaka.